Mbwa Wawili Mlangoni: Jibu la Swali la Darsa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, vinavyotambaa na vinavyoruka. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake.



Katika darsa yetu ya Alhamisi niliwasomea swali lililoletwa kwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Muulizaji ni ndugu yetu anayesoma shahada ya pili huku Masoro. Ana mke, na wamepanga nyumba yenye ua upande wa kuteremkia bondeni. Watu wanaookoa mbwa wa barabarani wamewaomba wachukue mbwa wawili. Mmoja ni jike, kipofu wa macho yote mawili. Wa pili ni dume mwenye miguu mitatu. Wa nne ulikatwa baada ya kugongwa na lori kwenye barabara ya viwandani. Dume amefungwa kengele ndogo shingoni, na jike humfuata kwa sauti ya kengele hiyo. Walipotenganishwa siku tatu za matibabu, yule kipofu alikataa chakula, akawa anajigonga ukutani akimtafuta mwenzake. Kwa hiyo wanaowalea wameweka sharti: anayewachukua awachukue wote wawili, au awaache wote wawili. Ndugu yetu anauliza, je, inajuzu kwetu sisi Waislamu?

Mnakumbuka kilichotokea. Watu walicheka. Kaka mmoja nyuma akasema mbwa ni najisi, swali limekwisha. Dada mmoja upande wa pili akajibu kwamba Mtume (S.A.W.) alileta rehema kwa walimwengu wote, basi swali limekwisha. Kila mmoja alishika ukweli mmoja akautumia kufunga mlango. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, tukatawanyika, nami nikaahidi kuandika.

Nianze na la kaka yetu, kwa sababu ndilo tulilolelewa nalo wengi wetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wazee wetu tangu pwani hadi huku Maziwa Makuu, mbwa mzima ni najisi, na najisi yake ni nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hadithi yake imo katika Sahihi Muslim na hakuna wa kuikataa. Mahanbali wako karibu na Mashafi katika hili. Mahanafi wao wanaona mate yake ndiyo najisi, si mwili wake. Imam Malik alikwenda mbali zaidi: mbwa aliye hai kwake ni tohara, na kule kuosha mara saba ni ibada tuliyoamrishwa bila kuelezwa sababu. Wanaofuata kauli yake hutaja aya ya nne ya Suratul Maida, ambamo Allah ameturuhusu kula walichotukamatia wanyama wa mawindo, wala hakutaja kukiosha palipoguswa na meno yao. Miongoni mwetu wako ndugu kutoka Sudan na Afrika Magharibi waliokulia katika madhehebu hayo. Ukimwona mmoja wao amerukiwa na mbwa njiani kisha akaenda kuswali, usimsute. Ana imamu wake.

Lakini hata tukibaki na Shafi, na mimi nabaki naye, hebu tuulize: najisi maana yake nini? Ni hukumu inayohusu swala yako, nguo yako na chombo chako. Haielezi thamani ya kiumbe mbele ya Muumba wake. Damu inayotoka kwenye jeraha la mama yako ni najisi kwa madhehebu yote manne. Je, utamkimbia mama kwa sababu hiyo? Utamfunga jeraha, utanawa, utabadili kanzu, utaswali. Mtoto mchanga humchafua mamaye mara ngapi kwa siku, na mwanamke gani amewahi kusema mtoto huyu atupwe kwa kuwa ananajisi? Sheria imetufundisha namna ya kujitoharisha ili tuweze kuishi na vitu hivi. Imetuwekea maji, udongo na hesabu ya mara saba, yaani imekwishajua kwamba mbwa na watu watakutana.

Wanavyuoni wameweka pia kanuni inayowasahilishia watu maisha: kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi. Mbwa mkavu akipita akakugusa suruali kavu, huna la kuosha. Wasiwasi wa baadhi yetu, wa kuvuka barabara mbio na kurudi bwenini kuoga kwa sababu mbwa wa kiwandani amebweka karibu, hauna asili katika fiqhi ya madhehebu yoyote.

Sasa la dada yetu. Hadithi aliyoitaja juu juu ipo kwa urefu katika Bukhari na Muslim. Mtu alikuwa safarini, akashikwa na kiu, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo wenye unyevu kwa kiu. Akajiona yeye mwenyewe katika hali ile. Akarudi chini, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kupanda, akamnywesha. Allah akampokelea tendo lake na akamsamehe. Maswahaba wakauliza kama kweli kwa wanyama nao kuna ujira, na Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kina ujira. Iko na ile ya mwanamke kahaba wa Bani Israili aliyeteka maji kwa kiatu chake akampa mbwa aliyekuwa akizunguka kisima, naye akasamehewa.

Angalieni jambo moja katika hadithi ya kwanza. Yule bwana alikiuma kiatu kwa meno. Mbwa alikunywa humo humo. Mtume (S.A.W.) aliyesimulia kisa hiki ndiye aliyetuamrisha kuosha mara saba. Kwake mambo haya mawili hayakugombana hata kidogo, na sisi tunayagombanisha katika darsa moja.

Hata hivyo dada yetu naye asifurahi mapema, maana kumnywesha mbwa ni jambo moja na kumfuga ni jambo jingine. Hadithi za Ibn Umar na Abu Hurayra (R.A.) ziko wazi: anayefuga mbwa asiyekuwa wa mawindo, wa mifugo au wa shamba, thawabu zake hupungua kila siku kwa qirati moja, na katika riwaya nyingine qirati mbili. Iko na hadithi ya Abu Talha (R.A.) kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Ibn Kathir, Nawawi na wengineo hawakuzipuuza hadithi hizi kwa kuwa tu moyo umelainika, nasi hatuna ruhusa ya kuzipuuza kwa sababu tumeona picha ya mbwa mwenye miguu mitatu kwenye simu.

Basi swali la kifiqhi ni hili: je, haja iliyoruhusiwa inafika mpaka nyumba ya kupanga Masoro? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, analijadili katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Anataja kwamba wafuasi wa Shafi wana kauli mbili kuhusu mbwa wa kulinda nyumba na njia, na kwamba iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kulinganisha na wale watatu waliotajwa, kwa kuwa sababu ni ile ile, nayo ni haja. Hili linatutosha. Ndugu yetu ameibiwa mara mbili tangu ahamie. Ua wake unapakana na kichaka, na mlinzi, yule tunayemwita zamu, analinda nyumba nne peke yake. Haja yake si ya kubuni.

Lakini, wakasema wengine baada ya darsa, mlinzi gani kipofu? Mbwa wa miguu mitatu atamkimbiza nani? Nilicheka kidogo, kisha nikamuuliza zamu mwenyewe. Jibu lake lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake. Mbwa wa ulinzi kazi yake si kuuma. Kazi yake ni kusikia kabla ya watu na kupiga kelele. Akaniambia kuwa asiyeona husikia mguu kwenye kokoto kabla hata yeye hajageuza tochi. Mbwa anayeuma watu humletea mwenyewe kesi kwenye kijiji. Anayebweka humletea usingizi. Basi kilema cha wawili hawa hakikuwaondoa katika haja. Na hata kingewaondoa, tungebaki na suala la namna nyingine, ambalo nalifikia sasa.

Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, wengine wetu kwa mbio mno. Vijana wale waliokimbia na imani yao, na bila shaka walikuwa rika letu, walikuwa na mbwa. Allah hakumtaja kwa kupita tu. Amemtaja alivyolala, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Watu walipobishana idadi ya vijana, walitatu au watano au saba, kila mara mbwa alihesabiwa mwishoni pamoja nao. Ibn Kathir anaeleza kwamba alikaa nje ya mlango kwa sababu Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba baraka yao ilimfikia hapo hapo alipo, akapewa usingizi kama waliopewa wao.

Hapa ndipo mimi napata jibu langu. Mahali pa mbwa wa watu wema ni kizingitini. Hakuwa ndani walipolala na kuswali, wala hakufukuzwa mlimani akabaki na fisi. Hadithi ya Malaika imetimizwa, na rehema imetimizwa, kwa kipimo cha hatua chache. Ndugu yetu nimemwambia hivyo: kibanda kijengwe ndani ya ua, karibu na geti, kiezekwe vizuri maana mvua za Aprili mnazijua, na wasiingie ndani ya nyumba. Si kwa kuwachukia. Nyumba ni ndogo, chumba kimoja ndicho msala wao, na mke wake anataka aswali bila kuwaza zulia.

Nije kwenye hilo la kutotenganishwa, ambalo wengi walilicheka kuliko yote. Eti mbwa wanapendana! Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), naye akaenda haja yake. Wakaona ndege mdogo mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Ndege akaja akawa anapigapiga mabawa juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporudi akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warudishiwe. Msafara una shughuli zake, na amri inatolewa kwa ajili ya huzuni ya ndege. Najua atakayesema: yule ni mama na makinda, hawa ni mbwa wazima wawili wasio na nasaba. Ni kweli, ulinganisho haukukamilika. Lakini kilichotajwa pale ni huzuni ya kutenganishwa, na huyu kipofu ameionyesha huzuni hiyo kwa kuacha kula. Tena kwake mwenzake ndiye macho. Kumtoa dume na kumwacha jike ni sawa na kumnyang'anya kipofu fimbo. Sharti la wale wanaowalea ni la haki, na Muislamu alipaswa kulielewa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sasa lile suala la kilema. Izzuddin bin Abdis-Salam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, yule waliyemwita Sultani wa wanavyuoni, ameandika katika Qawaidul Ahkam haki za wanyama juu ya binadamu. Si ushairi, ni fiqhi, imeandikwa kama zinavyoandikwa haki za mke na za jirani. Anataja kwamba mwenye mnyama analazimika kumgharamia hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao hatarajiwi tena kuleta faida yoyote. Asimbebeshe asichokiweza. Asimweke na mnyama atakayemuumiza. Amtengenezee mahali pazuri pa kulala. Mtu huyu aliandika zaidi ya miaka 750 iliyopita, Dameski na Kairo. Leo tunasikia huruma kwa wanyama ni mambo ya wazungu wenye pesa wanaoishi Kiyovu na Nyarutarama! Alipita kabla yake Ibnul Marzuban huko Baghdad, aliyefariki mwaka 309 Hijria, ambaye alitunga kitabu kizima kuhusu ubora wa mbwa juu ya wengi wa wavaa nguo. Jina la kitabu tu linatosha kumfanya mtu ajiangalie.

Lakini isomeni vizuri kauli ya Izzuddin, kwa sababu inakata pande mbili. Ikiwa huwezi kumtupa mnyama asiyekufaa, basi usimchukue kabla hujahesabu. Mbwa huishi miaka 10 na zaidi. Shahada yetu ya kwanza ni miaka mitatu au minne. Ndugu yangu unayelala bwenini, unayekula kwa mkopo wa mama muuza duka hadi mwisho wa mwezi, huruma yako ni nzuri lakini mbwa kipofu si mradi wa muhula mmoja. Siku utakapopata kazi Musanze au Doha utamwachia nani? Mnyama aliyetupwa mara moja akaokolewa, akitupwa mara ya pili, ni afadhali asingekujua. Mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, hakumpiga. Alimfungia tu, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Alikuwa na paka, lakini hakuwa na mpango.

Nilimtaka ndugu yetu aandike hesabu. Unga wa mahindi na dagaa za kuchemsha, mifupa ya buchani, chanjo ya kila mwaka, dawa ya kupe na minyoo, pesa ya daktari wa mifugo. Kengele ya pili ya akiba, maana ya kwanza ikikatika usiku yule jike anapotea ndani ya ua wake mwenyewe. Kwa kipofu, vitu visihamishwehamishwe: chombo cha maji kikae pale pale, na mtu aseme kabla ya kumgusa. Wa miguu mitatu asinenepe, uzito ukizidi mguu uliobaki nyuma unaharibika. Na kwa ajili ya tohara: vyombo vyao peke yake, gambuti na koti la kazi la kuvaliwa uani tu, na ndoo ya udongo safi kando ya bomba. Udongo hatuna shida nao Masoro, wakati wa kiangazi tunaukuta hata kwenye mto wa kulalia. Hilo la kuhasi waliliuliza pia. Wanavyuoni wa Kishafi wanakataza kuhasi mnyama asiyeliwa, na wako wa zama hizi wanaoruhusu kwa maslahi. Hawa wawili walikwishafanyiwa kabla hawajaletwa, kwa hiyo si mzigo wa ndugu yetu.

Chanjo msiifanyie mzaha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona, na karibu wote wanaokufa kwacho duniani waliumwa na mbwa. Akikuuma mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Kuosha mara saba kwa udongo ni kwa ajili ya swala. Sabuni na sindano ni kwa ajili ya uhai wako. Fanya yote mawili.

Mpaka hapa jibu lilikuwa limeelekea kwenye ndiyo. Lakini nilimwambia ndugu yetu kwamba liko sharti moja zito kuliko yote haya, na kwamba kama halikutimia asiwachukue, hata wakija kulia getini kwake. Nalo ni jirani.

Ukuta kwa ukuta na nyumba yake anaishi bibi mmoja peke yake. Kwa hapa petu siwezi kuandika kuhusu mbwa nikaruka mwaka 1994. Sisi wengi tulizaliwa baadaye, tunasimuliwa. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula maiti zilizoachwa barabarani na mashambani, na askari wa RPF wakawa wanawapiga risasi kila walipowaona. Mwandishi Mmarekani Philip Gourevitch alipofika mwaka 1995 alishangaa nchi nzima haina mbwa, akauliza, akaelezwa sababu. Ndiyo maana mpaka leo utamwona mtu mzima, mwenye heshima zake, anaganda barabarani akisikia mlio wa mbwa. Wewe unasikia mbwa. Yeye anasikia kitu kingine. Huyo usimwambie habari za ini bichi.

Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba Jibril aliendelea kumuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Bibi huyu si Muislamu, na haki ya jirani haiulizi dini. Mbwa ana haki kwako baada ya kumchukua, jirani ana haki kwako tangu siku uliyoingiza godoro.

Ndugu yetu na mkewe walikwenda wote wawili. Hawakwenda na mbwa, na hawakwenda kumwarifu, walikwenda kumwomba. Walimwambia tangu mwanzo kwamba akikataa jambo limekwisha na hawatalirudia. Mama wa watu aliwakaribisha chai, akanyamaza kwa muda mrefu. Akauliza kama ni kweli mmoja haoni. Wakamwambia ndiyo. Akauliza kwa nini basi asiuawe. Mke akamjibu kwamba kwa sababu mwenzake anamwongoza, na mtu hajapata kumwona amemdhuru yeyote. Bibi akasema atafikiri.

Baada ya siku nne alimtuma mjukuu wake na masharti. Kibanda kisiwe upande wa dirisha lake. Geti lifungwe mchana na usiku. Na kuanzia tarehe 7 Aprili, wiki ya kumbukumbu, asisikie mlio wa mbwa hata mmoja kutoka ua ule. Wiki hiyo, alisema, usiku wake ni mrefu.

Masharti yote matatu yamekubaliwa. Kibanda kimejengwa upande wa geti. Kwa wiki ya Aprili ndugu yetu amekwishazungumza na mfugaji wa ng'ombe huko Bumbogo, atawapokea wote wawili, kwa kuwa alielezwa mapema kwamba mmoja peke yake haendi. Wakiwa huko watakuwa na ng'ombe wa kulinda, na hiyo ni haja iliyotajwa katika hadithi yenyewe, haihitaji hata qiyasi ya Nawawi.

Nyinyi mnaoishi mabwenini mliokuja baada ya darsa kuniuliza la kufanya, mlango wenu upo. Kigali kuna wanaofanya kazi hii ya kuokoa, shirika la WAG mojawapo, na hawahitaji kila mtu achukue mbwa. Wanahitaji mikono ya kusafisha vibanda na kutembeza mbwa, na magodoro ya zamani. Kwa hilo hakuna qirati inayopungua. Mifupa na wali unaobaki baada ya chakula chetu cha pamoja cha Ijumaa tumekuwa tukivitupa. Kuanzia mwezi ujao vitawekwa kwenye ndoo ya bluu jikoni, bila pilipili na bila mifupa ya kuku, kwa sababu huvunjika vipande vikali vikamchoma mbwa koo. Zamu wa ndugu yetu ataipitia saa kumi na moja jioni. Anayetaka kumsaidia kuibeba aje na gambuti.

Wallahu a'alam.